Tumbo la Bure

Mguu wa kushoto wa suruali yake ulikuwa mrefu kuliko wa kulia. Hilo lilikuwa jambo la kwanza ambalo mtu yeyote aliyefika hospitalini kwetu alilijua juu yake. La pili ni kwamba atakuambia uruke. Mengine, kama alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, wanaoyajua wapo wengi na watayasimulia vizuri kwenye msiba wake, Mungu auweke mbali. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, na machache niliyoambiwa na watu wasiojua kunyamaza.

Tulimwita Mukubwa. Alikuwa daktari mkuu wa upasuaji katika hospitali moja hapa mjini Lubumbashi, na mimi nilikuwa daktari kijana upande wa dharura. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea watu wanaofika wamejishika tumbo. Kazi yake ilikuwa kuamua nani afunguliwe na nani arudishwe nyumbani kwa mama yake. Ukiniuliza tulipigania nini miaka yote hiyo, nitakujibu kwa neno moja: kidole tumbo.

Hicho kidole ni kitu kidogo kinachoning'inia ndani ya tumbo upande wa kulia, hakina kazi kubwa, na siku nyingi mtu hajui hata kama anacho. Lakini kikivimba, ukakiacha, kinapasuka na mwenyewe anaweza kufa. Na ukimpasua mtu ukakikuta kizima, basi umemchana binadamu mwenzako bila sababu. Mukubwa aliishi katikati ya hofu hizo mbili, na alizisema waziwazi. Kuchelewa aliogopa, kama tunavyoogopa sote. Lakini kilichomnyima raha kabisa ni tumbo lililofunguliwa bila haja. Alikuwa na jina lake: tumbo ya bule. Huku kwetu "bure" tunaitamka "bule", na yeye alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

"Kisu haina gomme," alikuwa akituambia, yaani ukikosea kwa kisu hakuna raba ya kufutia. "Kama unakosea, unakosea juu ya muntu."

Basi, kuruka. Mgonjwa aliingia amejikunja, ndugu zake wamemshika kwapa huku na huku, na kabla hajapata hata kiti Mukubwa alikuwa ameshasimama mbele yake. "Ruka." Hakuna jambo, hakuna habari ya nyumbani. Alikuwa na sababu. Mtu ambaye kidole chake kimevimba, visigino vikigusa tu sakafu, maumivu humkata pale pale upande wa kulia, naye hujishika bila kufundishwa. Anayeruka mara ya pili bila kuombwa ana ugonjwa mwingine, au hana ugonjwa. Nimewaona wakiruka mama wenye vitenge viwili, polisi mwenye buti, na mwalimu mmoja wa hesabu aliyetaka kwanza aelezwe urefu. Mchungaji mmoja alikataa.

"Docteur, mi niko muchungaji. Bakristu bangu beko hapa inje, banatuangalia."

"Basi ruka na imani," Mukubwa akamjibu.

Mchungaji akaruka, akalia kwa sauti, na jioni hiyo akafanyiwa upasuaji. Waumini wake waliomwona kupitia dirishani walitangaza kwamba pasta alishukiwa na Roho hospitalini.

Kipimo chake cha pili kilikuwa bukari. Watu wa mbali huita ugali, sisi tunasema bukari, na Mukubwa alikiamini chakula hicho kuliko mashine nyingi. Kidole tumbo kikiwaka, hamu ya kula huondoka, mtu hataki hata kusikia harufu. Kwa hiyo aliketi kando ya kitanda, akavua miwani, akaanza kumsimulia mgonjwa bukari inavyopikwa. Alianzia unga. Akaja kwenye mvuke. Akaja kwenye bitoyo, wale samaki wakavu wa chumvi, wamelowekwa, wamekaangwa na vitunguu, halafu sombe, yaani kisamvu, pembeni, mafuta ya mawese yanang'aa juu. Alisimulia vizuri sana hata wauguzi walikuwa wanameza mate. Mgonjwa akigeuza uso ukutani, Mukubwa aliacha tabasamu na kuanza kazi.

Siku moja aliletwa kijana aliyekuwa akipiga kelele tangu getini. Siku hiyohiyo alikuwa anangojwa kwenye kikao cha ukweni, na wajomba wa msichana hawakuwa watu wa mchezo. Aliruka vibaya, nusu nusu, huku akitutazama usoni. Mimi nilikuwa tayari nimeshaandaa sindano. Mukubwa akaketi. Unga, mvuke, bitoyo. Alipofika kwenye mawese kelele zikapungua. Alipofika kwenye pilipili kijana akainua kichwa. "Docteur," akauliza, "ile chakula iko wapi?" Mukubwa akasimama, akavaa miwani yake. "Mupeleke kwa babeau-frère yake," akawaambia ndugu, yaani kwa mashemeji zake. "Bukari iko kule."

Sasa niseme juu ya damu, kwa kuwa damu ndiyo iliyotugombanisha.

Mimi nilitoka shuleni nikiwa naamini vipimo. Ukimtoa damu mtu mwenye tumbo la mashaka, maabara itakupa mambo mawili yenye faida. La kwanza ni idadi ya chembe nyeupe, wale askari wa mwili, ambazo huongezeka pakiwa na vita. Kifaransa tunaziita globules blancs. La pili ni CRP, kitu ambacho ini hukimwaga ndani ya damu mahali fulani mwilini panapowaka. Vyote viwili vikiwa juu, na tumbo linauma pale pale, una sababu ya kwenda mbele. Vyote viwili vikiwa chini, una sababu ya kutulia kidogo. Nilipenda karatasi ile ya majibu. Nilipenda tarakimu zake zilizopangwa. Mukubwa aliona, na kwa vile wazazi wangu walikuja huku Katanga kutoka Kasai, alipata pa kunichokozea.

"Ninyi ba Kasaï," alisema, "hata muntu akikupenda, unamuuliza attestation," yaani cheti.

"Na ninyi ba huku, Papa, munapapasa tu mupaka mukubwa wa famille anakufa."

Alicheka mpaka akakohoa. Alipenda kujibiwa, mradi umwite Papa mwanzoni na usimguse wakati anaosha mikono.

Majibu ya maabara aliyaita radio-trottoir, jina tunalozipa habari za mitaani zinazopita mdomo kwa mdomo. "Damu inapiga kelele: moto, moto! Mais haiseme nyumba ya nani inaungua," yaani lakini haisemi ni ya nani. Na ni kweli. Malaria hupandisha CRP. Mapafu yakiugua, itapanda. Homa ya matumbo nayo ina mambo yake. Ukimkimbilia kila mwenye CRP ya juu na kisu mkononi, utachana nusu ya mji. Na kuna jingine alilolirudia mpaka tukalichoka: CRP ni shahidi anayekuja kwa miguu. Atafika, lakini si mapema. Ukimpima mtu asubuhi maumivu yalipoanza, unaweza ukaambiwa hakuna kitu, na jioni ukaambiwa nyumba inateketea.

"Donc unafanya nini?" alikuwa anatuuliza kwenye mzunguko wa asubuhi, akituelekezea kidole mmoja mmoja. "Radio moja ikisema, unasikiliza. Radio mbili zikisema kintu moja, na tumbo inasema vilevile, unaosha mikono. Na kama hazipatane?"

"Tunapima tena, Papa."

"Na mbele ya kupima tena?" yaani kabla ya hapo.

"Tunakaa."

"Munakaa! Kukaa pia iko dawa. Mais munakaa karibu ya mugonjwa, haina ku cafétéria." "Haina" huku kwetu ni "sivyo".

Kumsikia, ungedhani hakanyagi maabara. Uongo mtupu! Alikuwa kule kila siku. Alimpelekea fundi wa maabara karanga za kukaanga, akaisalimia mashine ya kuhesabia damu kwa "Bonjour, menteur", yaani habari yako, mwongo, kisha akainama kwenye hadubini na kuhesabu chembe nyeupe mwenyewe, midomo ikicheza. Sikumwona hata siku moja akiingia chumba cha upasuaji bila kuiona karatasi ile ile aliyoitukana. Nilipomwuliza, hakuona haya hata kidogo. "Radio-trottoir unaizarau," akasema, "mais unafungula dirisha."

Kisa cha mjomba kutoka Kambove nimekisimulia mara nyingi, na hospitalini kwetu hakuna asiyekijua. Mjomba huyo alikuwa mchimbaji wa madini, mikono imekakamaa, na alimleta mpwa wake aliyekuwa na maumivu ya siku nzima. Majibu yalipotoka nikamwambia kwa heshima zote, "Papa, CRP ya mutoto imepanda."

Mzee akasimama. Akavua kofia. Akatazama mlango, halafu akanitazama mimi. Katika nchi yetu kila chama cha siasa kina herufi zake tatu nne, na herufi hizo zinaweza kumfikisha mtu mahali pabaya.

"Docteur," akasema polepole, "sisi mu famille yetu hatuna mu parti yoyote. Ile CRP hatuijue. Kama imepanda, imepanda yenyewe. Mutoto haijachagula hata chef ya quartier," yaani mkuu wa mtaa.

Mukubwa alikuwa ameegemea mlango. Niliona mabega yake yanatikisika. Akaja kunisaidia, na akaharibu zaidi.

"Hapana, Papa, haina politique. Tunasema hivi: mu damu ya mutoto munakuwa bazungu mingi sana." Ndivyo alivyozitafsiri globules blancs.

"Bazungu?" Mjomba akaketi tena. "Mu damu? Banachimba nini mule?"

"Banakuya fasi iko na kintu," yaani wanakuja mahali penye kitu.

Mchimbaji akafikiri. Hilo alilielewa haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza. "Njo vile beko," akakubali kwamba ndivyo walivyo. "Basi, Docteur, mutoe ile mali mbio, mbele bamalize yote."

Mukubwa akaenda kuitoa. Kilikuwa kidole kimevimba vizuri, na kijana alirudi Kambove mzima. Tangu siku hiyo, kidole kilichokutwa kimewaka tulikiita mali. Mtu akitoka chumba cha upasuaji tulimwuliza kwa sauti ya chini: mali au bule? Na kwa Mukubwa, miaka yote niliyokaa naye, jibu lilikuwa mali. Alijivunia hilo kuliko watoto wake, na watoto wake walisoma.

Lakini si tangu mwanzo. Hapa ndipo inakuja suruali.

Kuna mama mmoja fundi cherehani kule mtaa wa Kamalondo, ana chumba chake cha kazi barabarani, na redio yake hainyamazi. Alipokuwa msichana anayejifunza ushonaji, alipelekwa hospitalini na maumivu ya tumbo. Mukubwa naye alikuwa kijana, ndiyo kwanza amekabidhiwa kisu, na kisu kilikuwa kinamwasha mkononi. Hakumwambia aruke. Hakumwuliza habari ya bukari. Karatasi ya damu ilisema chembe nyeupe ni nyingi, na hiyo ikamtosha. Akamfungua. Kidole kilikuwa cheupe, chembamba, kizima kabisa. Baadaye ikajulikana binti alikuwa amekula mapera mabichi pamoja na wenzake, na wenzake walikuwa nyumbani wanaumwa tumbo vilevile, bila kuchanwa na mtu.

Siku zile wakubwa wake wa kazi walimshauri aseme kilikuwa karibu kupasuka. Ndivyo wengi walivyofanya, na mgonjwa hushukuru na kuondoka. Yeye akaenda mpaka kitandani, akasimama pale miguu ya mgonjwa ilipo, na kusema, "Nimekufungula bule." Wauguzi wazee waliokuwepo walinieleza kwamba binti aliitazama ile suruali nzuri ya daktari, ya kununua, halafu akatoa hukumu.

"Mi sina client hata moja. Basi njo utakuwa client. Manguo yako yote mi njo nitashona, mupaka utakufa."

Akakubali. Na alivaa. Suti za kanisani, suruali za kazi, koti la harusi ya binti yake, vyote vilitoka Kamalondo, na kila suruali mguu wa kushoto uliburura. Alikuwa anainama kila asubuhi mlangoni kuukunja, na kufika saa ya chai ulikuwa umekunjuka tena. Hakuwahi kulalamika. Mimi sikuwahi kumpelekea fundi yule kitambaa changu, kwa sababu nilikuwa na macho na niliona kazi yake inavyotembea koridoni. Kweli, wapo wauguzi walioshonewa naye na nguo zao zilikaa vizuri mwilini, lakini nilidhani wamezipeleka kurekebishwa kwingine kisirisiri.

Fundi huyo alikuwa mtu pekee mjini aliyemwambia Mukubwa "wewe". Sisi sote, hata mkurugenzi, tulisema "ninyi", kwa heshima. Yeye alikuja hospitalini na kifurushi chini ya kwapa, akapaza sauti kutoka getini: "Wewe Docteur, uko unachana bantu ya bule leo?" Na yule simba wa upasuaji, aliyekuwa akitufanya tutetemeke, alishuka ngazi haraka kumpokea.

Mukubwa alistaafu. Tulimfanyia sherehe, akahutubia kwa ufupi, akatukumbusha kwamba kisu hakina gomme, akaondoka mguu ukiburura. Mimi nikapewa usimamizi wa dharura. Nikajikuta nawaambia watu waruke.

Tukaonana naye tena Jumapili moja, baada ya misa. Alikuja na suti ya kijivu, tai imefungwa, anatembea kwa hatua fupi. Mke wake alikuwa nyuma yake, amebeba mfuko wa nguo.

"Nimepita kuwasalimia," akasema.

"Anadanganya," mke wake akasema. "Tangu asubui anajishika. Nimemupikia bukari, amekataa."

"Iko gaz tu."

Nikamlaza. Maumivu yalianzia kitovuni, akasema, sasa yamehamia, lakini hakutaka kusema yamehamia wapi. Nilipougusa upande wa kulia akaanza kunieleza habari za mvua. Nikamwambia, kwa heshima zote alizonifundisha, "Papa, muruke."

Alitazama dari. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. "Muntu muzee haruke," akasema. "Pima damu kwanza. Leo tuko na science, haina?"

Sikuamini masikio yangu, lakini nikapima. Majibu yakaja: chembe nyeupe za kawaida, CRP chini. Akaninyang'anya karatasi, akaisoma, akaisoma tena, akaikunja na kuiweka mfuko wa ndani wa koti.

"Umeona. Mi niko muzima. Mama, twende kwetu."

"Papa, si mulisema hii iko radio-trottoir?"

"Leo iko radio nationale!"

Wauguzi waligeuka ukutani wacheke. Mimi sikucheka. Niliogopa, na sijaogopa vile tena mpaka leo. Ikiwa nitamfungua nikakuta kidole cheupe, nitakuwa nimemfanyia tumbo la bure mtu aliyenifundisha neno hilo. Ikiwa nitamwacha aende na kikapasuka, nitamzika. Mashine ya kupiga picha za tumbo ilikuwepo, lakini mwenye kuijua hafanyi kazi Jumapili. Mukubwa naye aliogopa. Mke wake alipotoka kutafuta maji, alinishika mkono, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwana yangu. Usinifungule bule."

Nilitaka kulia pale pale. Nikamwambia, "Papa, shahidi anakuya na miguu. Tunakaa."

"Mi nasikia muzuri," akasema, yaani haumwi.

"Tunakaa, nasema."

Tukakaa. Nikamwekea maji ya mshipa, nikavuta kiti. Hakuruhusiwa kula, lakini kusikia hakukatazwi, nami nikamwita mke wake na kumwomba atusimulie bukari aliyoiacha nyumbani. Mama yule alikuwa msimuliaji kuliko mumewe. Alianzia sokoni. Alipofika kwenye bitoyo, Mukubwa akageuza uso ukutani.

"Papa," nikamwambia, "munageukia wapi?"

"Naangalia rangi. Banapaka vibaya hii ukuta."

Mganga hajigangi, wahenga wamesema, na huyu alikuwa hajigangi kwa ubishi. Kabla ya jua kuzama nikachukua damu ya pili. Safari hii fundi wa maabara hakutuma mtu, alikuja mwenyewe, hata koti hajalifunga, na uso wake ulitosha kunisomea. Chembe nyeupe zilikuwa zimejaa. CRP ilikuwa imeruka yenyewe, bila kuambiwa. Nikaenda nikasimama pale miguu ya mgonjwa ilipo.

"Papa, CRP yenu imepanda."

Akakunja uso kwa huzuni kubwa, akainua mkono mmoja, na kwa sauti ya mjomba wa Kambove akasema, "Docteur, mi sina mu parti yoyote."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. Mke wake alicheka, fundi wa maabara alishika nguzo ya kitanda, na Mukubwa mwenyewe akaanza kucheka kile kicheko chake cha kukohoa. Hakikufika mbali. Akalia "Ayi!" na mikono yake miwili ikaenda upande wa kulia, pale pale, bila kufundishwa. Akanitazama. Nikamtazama. Kile alichokataa kufanya kwa miguu, kicheko kilikuwa kimekifanya.

"Bon," akasema. "Nawa mikono."

Alitaka achomwe sindano ya mgongo tu ili abaki macho na kunisimamia. Daktari wa usingizi alimlaza kabisa, kwa ajili ya afya ya kila mtu. Nilimfungua. Kidole kilikuwa chekundu, kimejaa, ncha imeanza kuwa nyeusi. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Ningekibusu kama kingekuwa kitu cha kubusu.

Alipozinduka, hakuuliza yuko wapi. Midomo ilikuwa mikavu, nikainama kumsikiliza.

"Bule?"

"Hapana, Papa. Mali."

Akafumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na nikayapangusa kwa kona ya shuka.

Siku chache baadaye, alipokuwa karibu kuruhusiwa, fundi wa Kamalondo akaja na kifurushi. Alikuwa amemshonea pijama. Kabla ya salamu akasema, "Wewe Docteur, onyesha." Mukubwa akafunua shuka kwa adabu. Mama akavaa miwani, akainama, akaukagua mshono wangu kama anavyokagua shati la mwanafunzi wake.

"Nani alishona hii?"

"Mi," nikasema.

"Inapinda."

"Mama," Mukubwa akasema, "wewe pia unasemaka mambo ya kupinda?"

"Yangu ulishona ya bule, mais iko droit kama règle," akasema, yaani umenyooka kama rula. "Yako iko ya kweli, mais inapinda." Akajipiga tumbo lake mwenyewe, akaridhika.

Tukamsaidia kuvaa pijama. Akasimama, na mguu wa kushoto ukamwagika sakafuni, kama siku zote. Akataka kuinama aukunje, lakini kidonda hakikumruhusu, akabaki ameshika kitanda. Fundi akapiga magoti mbele yake, mama mzima na goti bovu, akaushika ule upindo.

"Docteur," akasema bila kuinua kichwa. "Miaka yote hii, juu ya nini hukusema iko murefu?"

Mukubwa akalitazama goti la mama pale sakafuni.

"Manguo ya bengine yote iko droit. Uliza bantu. Yako tu njo nilikuwa nashona hivi. Nilikuwa nangojea siku utalalamika, nikuambie: mi na mi sikulalamika." Sauti yake ilikatika kidogo. "Na hukulalamika hata siku moja, muntu gani wewe."

Nilizikumbuka nguo za wauguzi, nikaona haya kwa ajili ya vitambaa vyangu vyote vilivyoharibiwa na mafundi wa mjini. Mama akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa mkasi mkubwa wa kazi, akaukunjua mguu wa pijama na kuupima kwa vidole.

"Leo imeisha," akasema. "Simama muzuri, nikate."

Mukubwa akauvuta mguu nyuma, taratibu, mkono mmoja ukiwa juu ya kidonda.

"Acha, Mama," akasema. "Nimezoea. Usikate bule."